Nyongo ya Ngamia wa Shangazi

Jumatatu, 29 Septemba 1947

Naandika Kiswahili. Nyumbani humu kila mtu anasoma Kigujarati, na binamu yangu Firoza anasoma hata barua iliyofungwa kwa uzi. Kiswahili wanakisema wote, lakini kukisoma kwa herufi za Kizungu hawana haja nako. Basi hapa niko salama, kama mtu aliyejificha katikati ya soko.

Leo Daktari wa wanyama amekuja godauni kukagua ngozi. Mimi ndiye ninayezipima na kuzitenga — za kwanza, za pili, takataka. Muuzaji mmoja alikuwa ameshona tundu kwa uzi mwembamba na kupaka majivu juu yake. Daktari aliinua ile ngozi akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Akaiangalia. Kisha akamwangalia mwenyewe. Yule bwana akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa.

Halafu akanigeukia mimi. Amesikia kwamba mimi hupasua wanyama na kuwachora. Nikasema ndiyo, waliokwisha kufa. Akaniambia huko bara wanafungua chumba cha mifupa na viungo, mnyama huyu kando ya yule, watu waje wajifunze. Anatafuta msaidizi. Mshahara, mahali pa kulala, vitabu. Vitabu!

Atarudi siku ya mwisho ya Oktoba. Masharti mawili. Kwanza, wakubwa wangu wanisemee vizuri mbele yake, maana hachukui mtu aliyetoroka kwao. Pili, nimletee swali moja. Kiungo kimoja, nikilinganishe kwa wanyama mbalimbali.

"Majibu ninayo kabati zima," alisema. "Wewe niletee swali."

Moja tu. Nimerudi nyumbani nimejaa maswali kama kanzu iliyopita kwenye miiba ya mbaruti.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimeyachuja. Yamebaki haya:

Mbuzi na punda wote ni wala majani. Mbona mbuzi ana matumbo manne, moja lina kurasa kama daftari, na punda ana moja tu wala halalamiki?

Kuku hana meno. Anameza changarawe, firigisi inamsagia. Je, meno ya kuku yako tumboni?

Popo wa darini kwetu, bawa lake ni mkono, vidole vyote vimo. La kunguru je?

Nundu ya ngamia haina mfupa. Nani anaishikilia?

Nimempa Musyoka asome. Benard Musyoka ni karani wa reli, Mkamba, rafiki yangu. Jioni tunasoma pamoja. Yeye hunisahihisha Kiingereza, mimi humsahihisha Kiswahili, na kila mmoja hurudi kwake amechukia.

"Haya si maswali, bwana Latif," akasema. "Haya ni mishangao."

"Tofauti ni ipi?"

"Mshangao unakaa nao mdomo wazi. Swali unalifuata kwa miguu."

"Na hili la nundu?"

"Hilo linataka ngamia."

"Shangazi anaye."

"Shangazi yako anaye. Wewe huna."

Kweli. Shangazi Hajrabai ndiye aliyenilea, dada mkubwa wa marehemu baba. Ni mjane, mama yake Firoza, na kinu cha mafuta ya ufuta nyuma ya nyumba ni chake. Ngamia anayekizungusha anaitwa Badshah. Tangu nina akili namwona akizunguka na kitambaa machoni, anadhani anakwenda mbali.

Nimemwambia Shangazi habari za bara. Ana pumu, kifua chake kinapiga filimbi, na hata jina langu huliita vipande viwili — "La", anavuta pumzi, "tif". Mwisho akasema: Nenda, mwanangu. Huyo Daktari akija nitamwambia nilivyokulea. Lakini usije ukanitia aibu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nadhani nimepata kitu.

Alhamisi Firoza alileta maini ya mbuzi kutoka kwa Taib mchinjaji. Yalikuwa ubaoni, nyongo imegandana nayo, kibichi kibichi kama embe changa. Leo maini mengine, ya mbuzi mwingine. Nyongo hakuna. Nimeyageuza. Pahali pake papo, kama kitanda kisichokuwa na mtu.

Mbuzi wawili, bucha moja. Mmoja anayo, mwingine hana.

Nimepita majumba ya jirani hapa Ndia Kuu nikiomba kuona maini kabla hayajapikwa. Wengine wamedhani nina njaa. Nyumba tatu, nyongo hakuna. Ya nne ilikuwapo, nusu yake.

Jumanne, 7 Oktoba

Swali langu: Kwa nini mbuzi wengine wa Mombasa wana nyongo na wengine hawana?

Musyoka amelisoma mara mbili akanipa mkono. Amesema hili lina miguu. Huenda ni maji ya kisima, huenda ni majani. Huenda ni mbuzi wa bara na mbuzi wa pwani. Tumezungumza mpaka chai ikapoa. Barazani wenzetu wanabishana juu ya Pakistani na India, ramani imekatwa wapi. Sisi tunabishana juu ya ini.

Nimelala vizuri.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu.

Nilimsomea Firoza lile swali, kwa kujisifu tu. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka chini ungo.

"Bhai Latif. Nyongo naitoa mimi."

"Unaitoa wapi?"

"Kwenye ini. Ndiyo ya kwanza kutoka. Naibana hapa, nakata hapa, natupa. Ikipasuka nyama yote chungu. Kwani wewe ulidhani tunakula?"

"Alhamisi ile ilikuwapo."

"Alhamisi ile uliingia jikoni kabla sijashika kisu. Ukakaa hapo ukauchafua ubao wangu kwa macho."

Na zile nyumba nyingine? Vivyo hivyo. Bi Sheikha wa nyumba ya nne alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukata nilipobisha hodi, ndiyo maana ya ile nusu.

Juma zima sikuwa nikichunguza mbuzi. Nilikuwa nikichunguza mikono ya wanawake.

Musyoka nimemwambia bado nalinoa swali langu. Yaani nimemdanganya. Hataniuliza mpaka Jumapili.

Jumapili, 12 Oktoba

Musyoka ameuliza. Amecheka mpaka akavua miwani.

Lakini nyongo imenishika, siachi. Nimekwenda kwa Taib kumwomba nisimame karibu anapofungua mnyama, kabla mkono wa mtu haujapita. Taib ni mtu mzima, amechinja mji huu karibu wote — yaani mbuzi wake. Fahari yake ni moja: hajapasua nyongo tangu aanze kazi.

"Wataka nini na uchungu, mwanangu?"

"Kuangalia tu."

"Mwenzio huja kwangu kutaka paja. Wewe waja kutaka nyongo." Akaniruhusu.

Nimerudi na chupa zangu za spiriti zimejaa: ya mbuzi, ya kondoo, ya ng'ombe — kubwa, inajaa kiganja. Na ya kuku, kama punje ya kunde. Nimezipanga rafu ya juu, kila moja na jina lake.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sielewi.

Juzi nimechinja njiwa, mkono wangu mwenyewe. Nimempasua polepole. Nyongo hakuna. Nikasema nimeikata bila kujua. Leo njiwa wa pili, kwa wembe mpya. Hakuna. Firoza hakuwapo jikoni, nimehakikisha, alikuwa kwa mshonaji.

Halafu panya. Panya mkubwa wa godauni: hana. Panya mdogo wa kabati la unga: anayo, ndogo kabisa, inang'aa. Panya kwa panya! Mkubwa hana na mdogo anayo!

Ama Mungu ana mpango wake, ama mimi sijui kushika wembe. Na baada ya yale ya mbuzi, naona la pili lina uzito zaidi.

Firoza anasema bombani wanawake wananisema. Mtu hukusanya nyongo kwa sababu gani? Ni wazi, anatengeneza sumu. Nikamuuliza wanadhani nataka kumpa nani. Akasema hawajakubaliana bado.

Jumapili, 19 Oktoba

Shangazi ameamua. Badshah amezeeka, kinu kinamshinda, na mtu wa mtaa wa Kuze ameleta mashine ya kukamua inayokula mafuta ya taa badala ya majani. Bado mzima, hana kilema, kwa hiyo anafaa kuchinjwa Idi. Watu saba wa mtaani watashirikiana kumchinja — ngamia mmoja hutosha saba.

Shangazi mwenyewe nyama haitaki. Anataka nyongo. Tabibu wake amemwambia hakuna dawa ya pumu kama nyongo ya ngamia, ichanganywe na asali, ipakwe kifuani. Amengoja miaka, maana nani atamchinja ngamia kwa ajili ya kifua cha mtu mmoja?

"Wewe na Taib muitoe salama," ameniambia. "La... tif. Isipasuke."

Nimemwahidi. Mtu wa kuaminika zaidi kwa nyongo mji huu ni nani kama si mimi?

Jumamosi, 25 Oktoba

Idi. Niandike kwa utulivu.

Baada ya swala tulikusanyika uwanja wa kinu. Kila mshirika kaja na sufuria, watoto na ushauri. Ngamia hachinjwi kama mbuzi, huchomwa chini ya shingo. Taib alipata kufanya hivyo mara moja maishani, lakini leo alisema kama aliyezaliwa Arabuni. Mimi nilimfungua Badshah kile kitambaa cha macho. Aliutazama uwanja aliouzunguka umri wake wote kama mgeni. Hilo silipendi, nilipite.

Kazi ikaisha, tumbo likafunguliwa. Mimi nilishikilia mbavu. Begi langu la chupa liko miguuni. Taib akaingiza mkono chini ya ini. Ukakaa. Ukazunguka. Akaingiza kutoka upande wa pili. Nikaona uso wake unabadilika, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo mbele ya mlango wake na watu wanamtazama.

"Hebu wewe," akaninong'oneza, "mkono wako mwembamba."

Nikaingiza. Ini laini, kubwa. Nikafuata ukingo wake wote. Hakuna kifuko. Hakuna kitanda kisichokuwa na mtu. Hakuna.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake la maua na chupa ya asali.

"Iko wapi?"

Taib akafuta mikono. Mchinjaji akipasua nyongo mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Na akiipoteza?

"Ilikuwapo," akasema. "Mimi natinda tangu huyu hajazawa. Mkono wangu umeigusa. Kisha huyu akatia mkono wake."

Kila mtu akanitazama mimi. Kisha begi langu. Mtu akalifungua. Ndani kulikuwa na chupa moja, tupu, yenye spiriti. Chupa iliyojaa ningeieleza. Tupu ndiyo iliyonimaliza. Mtu huja na chupa tupu kwa sababu gani?

Nikasema: "Labda hana."

Halafu wakacheka wote saba na watoto wao.

"Ngamia mzima hana nyongo!"

"Na roho alikuwa nayo, au hiyo nayo iko chupa nyingine?"

"Mnyama hana nyongo, atasagaje chakula?" akauliza Taib, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Njiwa hana," nikasema.

"Njiwa ni ndege."

"Panya wa godauni hana."

Hapo mmoja wao akawavuta watoto wake nyuma.

Shangazi hakucheka. Alishika bakuli lake, akaingia ndani. Asali haikufunguliwa.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepekua mifuko yangu mwenyewe. Yote. Na begi, na mikunjo ya kikoi.

Kwa sababu sijui. Mkono wangu uliingia mle. Vidole viliteleza. Je, nilikigusa kitu, kikakatika, kikaanguka kwenye damu na mbwa akakichukua? Taib aliapa alikigusa. Taib si mwongo siku zote. Mimi nimekwisha kukosea kwa mbuzi, nitajiaminije kwa ngamia?

Kuna mambo mawili tu. Ama ngamia hana nyongo, na nimesingiziwa. Ama anayo, na mimi nimeiharibu dawa ya mtu aliyenilea. Nageuza geuza. Kila upande una ukweli kidogo.

Baada ya chai Shangazi aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali hapumui.

"La... tif. Sikukulea kwa kukupekua. Uirudishe, sitauliza ulitaka kufanyia nini. Ijumaa Daktari atakuja kuniuliza wewe ni mtu gani. Nitamwambia nijualo."

"Shangazi, wallahi sikuichukua."

"Basi ilikwenda wapi?"

Swali zuri. Yeye hahitaji siku thelathini kupata la kwake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kazini wanasema nami kwa heshima mpya. Hakuna aliyekubali chai yangu.

Jioni nimekwenda na Musyoka hadi Makupa, kule wafanyabiashara wa mifugo wanakovushia ng'ombe. Tukapata ndugu wawili wa kutoka kaskazini, watu wa ngamia baba na babu. Nikawauliza.

Wa kwanza akasema: "Hana. Nyongo ndiyo hasira. Angekuwa nayo angebeba anayobebeshwa?"

Wa pili akasema: "Anayo. Ndogo, imejificha ndani ya ini. Asiyejua kutafuta husema hana."

"Wewe ulipata kuiona lini?"

"Kwani wewe ulipata kutoiona lini?"

Wakaanza kugombana kwa lugha yao. Tulipoaga, yule wa kwanza akamuuliza Musyoka kwa sauti ya chini, kati yenu ni yupi aliyeiba? Habari zilivuka kisiwa kabla yetu.

Njiani Musyoka alitembea hatua kadhaa mbele yangu. Sikumzoea hivyo.

"Umeshtakiwa," akasema mwisho, "kwa kuiba kitu ambacho hujui kama kipo."

"Ndiyo."

"Na huwezi kujitetea mpaka ujue kama kipo."

"Ndiyo."

"Basi, bwana, swali si hilo? Mwezi mzima unalitafuta. Limekukamata lenyewe, tena kwenye ukosi."

Jumanne, 28 Oktoba

Nimelipanga. Nalisema kwa moyo:

Kuku ana nyongo, njiwa hana. Panya mdogo anayo, panya mkubwa hana. Ng'ombe anayo — ngamia je? Na kama kweli wapo wasiokuwa nayo, wanaishije bila hiyo?

Halina ujanja. Ukilisikia mara ya kwanza ni la mtoto. Lakini si mshangao. Naweza kulifuata kwa miguu: mnyama mmoja, halafu mwingine, mkono wangu ukiwa wa kwanza kuingia.

Mara ya kwanza tangu Septemba sijachanganyikiwa kuhusu swali. Nimechanganyikiwa kuhusu mengine yote.

Firoza aliingia nikiwa naiangalia ile rafu ya chupa. Akafunga mlango.

"Ile kubwa ni ya nini?"

"Ng'ombe."

"Mama yangu amewahi kuona nyongo ya ngamia?"

Nikajua anakokwenda.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Unaitoa, unampa, unapiga magoti. Utalaumiwa kidogo, utasamehewa. Mama atapaka, atapona au hatapona, hiyo ni kazi ya Mungu. Taib ataacha kuapa kila kona. Daktari atasikia maneno mazuri. Utapanda gari lako la moshi. Nani kaumia?"

"Nitakuwa nimesema ngamia anayo."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyeitoa."

"Ndiyo, bhai."

"Basi swali langu limekufa."

Akanitazama kama ambavyo mimi hutazama ngozi daraja la tatu.

"Mama hajalala tangu Idi," akasema. "Na wewe unalilia swali."

Nikasema hapana. Alipotoka nikaona sikusema kwa nguvu.

Jumatano, 29 Oktoba

Firoza amefanya.

Nilirudi kutoka godauni, rafu ina pengo. Nikaenda chumbani kwa Shangazi. Harufu ya asali, spiriti na nyongo. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akanibusu paji la uso. Akasema alijua nitairudisha. Akasema shetani humwingia mtu yeyote, hasa msomi. Firoza alikuwa kando anakunja shuka, anakunja sana, shuka moja.

Nilidhani nitasema kweli baada ya chakula.

Mchana Taib akanitumia kipande cha nundu, kimefungwa vizuri. Mbele ya duka lake amewaambia watu kwamba kijana ni mwema, amerudisha, na yeye Taib hakuwahi kusema vinginevyo. Washirika wote saba wamenisalimia kwa jina. Nimesamehewa na mtaa mzima. Sijapata kujiona mwizi namna hii.

Nikamvuta Firoza pembeni, nikamwambia nakwenda kumweleza.

"Nenda," akasema. "Mwambie alichopaka ni cha ng'ombe wa Taib, chupa yako ya pili kutoka kushoto. Nenda."

Nikaenda. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Shangazi alikuwa amelala mchana, chali. Mito mitatu iko chini sakafuni. Nikasimama kusikiliza ile filimbi. Nikangoja. Nikadhani masikio yangu yameziba.

Nikarudi.

Nyongo ya ng'ombe! Au asali? Au ni furaha tu ya kurudishiwa kitu? Mambo matatu kwa pamoja, na mimi sina Shangazi wa pili wa kulinganisha.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimetayarisha swali jingine, la firigisi. Changarawe za kuku, changarawe za njiwa, bata je. Ni swali zuri. Safi. Halimgusi mtu.

Silipendi.

Musyoka nimemwambia yote. Hakucheka, wala hakuvua miwani. Akasema: "Kwetu mtu akisamehewa kosa ambalo hakulifanya, huambiwa anyamaze ashukuru." Nikamuuliza wakinyamaza huwa wanajisikiaje. Akasema hajui, wananyamaza.

Ijumaa, 31 Oktoba

Naandika nimesimama, daftari juu ya mtungi wa maji. Nina muda wa chai kuchemka, basi.

Daktari yuko sebuleni. Alikuja baada ya swala ya Ijumaa, kofia mkononi, akakaa kiti cha marehemu mume wa Shangazi. Shangazi alimsimulia malezi yangu tangu nikiwa wa kubebwa. Sipigani, sinywi, najua hesabu. "Na hata siku aliyokosea," akasema, "alirudisha kwa hiari yake. Hiyo ndiyo tabia. Asiyekosea ni nani?"

Nilidhani ameishia hapo. Akainuka — mwenyewe, bila kushika ukuta — akaleta ile chupa. Alikuwa ametumia nusu, nusu ameiweka. Akaitua mezani kando ya sahani ya bajia.

"Nyongo ya ngamia wangu, Daktari. Kama si hii nisingekaa hapa nikazungumza nawe."

Daktari aliichukua. Akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaiangalia. Kisha akaniangalia mimi.

Nililijua jicho lile. Nililiona godauni mwezi uliopita, likimwangalia mwenye ngozi iliyoshonwa.

"Ya ngamia?" akaniuliza. Kwa upole sana.

Firoza alikuwa mlangoni na trei. Shangazi alinitazama akitabasamu, anangoja niseme ndiyo, kama mzazi anavyongoja mwanawe asome aya anayoijua.

Nikasema, ngoja nikalete swali langu, nimeliacha chumbani.

"Kalilete," akasema. "Na mimi nitakuwa na langu."

Sikuliacha popote. Liko kichwani, na la firigisi liko kando yake, limechanwa nywele, limevaa viatu. Nikirudi na la firigisi atalipokea, na ile chupa itabaki mezani ikiitwa hivyo hivyo milele. Nikirudi na la nyongo — Taib, Firoza, washirika saba, na kifua cha Shangazi kilichokwisha kutulia. Na huenda yeye Daktari anajua. Au alishangaa tu ukubwa wake. Jicho lile naweza kuwa nimelisoma vibaya pia. Nimesoma vibaya mangapi mwezi huu?

Firoza kapita na birika. "Chai tayari, bhai," akasema, bila kuniangalia. "Sema lolote. Lakini sema ukikaa karibu na Mama."

Kupitia ukutani namsikia Shangazi akimweleza Daktari jinsi alivyopanda ngazi leo asubuhi. Hapumziki kati ya maneno. Sasa ananiita. "Latif," anasema, na jina langu linanifikia zima, halikukatika popote.